Vyura wa Milima ya Kibara na Majina Yao

Wengi wanapoandika juu ya mila na historia ya Katanga, wanaanza na shaba. Wanatueleza misalaba ya shaba, Mwami Msiri na Bayeke wake, reli, Union Minière. Ni vizuri, na mimi pia darasani ninaanza huko. Lakini katika nchi hii kuna historia nyingine ndogo, ndogo kabisa, maana mwenyewe anaweza kukaa juu ya kidole gumba cha mtu na nafasi ikabaki. Ni historia ya vyura wa milima ya Kibara. Ukiitaja mbele ya wakubwa, wanacheka kwanza. Chura naye ana historia gani?

Tuanze na mahali penyewe. Lualaba yetu, ikishapita karibu na Kolwezi, inaingia katika magenge ya Nzilo, inashuka maporomoko juu ya maporomoko, halafu inafika chini katika bonde pana lenye joto. Ndimo yalimo ziwa Upemba, ziwa Kisale na maziwa mengine madogo. Bonde hilo linaitwa bonde la Upemba, wengine wanasema Kamalondo. Upande wake wa mashariki nchi inapanda tena kwa ghafula: ndiyo milima ya Kibara. Mabwe, kwenye ukingo wa ziwa Upemba, iko mita 585 juu ya usawa wa bahari. Lusinga, juu kule, iko mita 1760, na mabwawa ya Mukana mita 1810. Mtu akitoka Mabwe kwenda Mukana amepanda zaidi ya mita 1200. Chini ni matete, joto na mbu. Juu ni majani mafupi, mushitu kando ya vijito, na baridi ya mwezi wa sita inayomfanya mtu atafute blanketi ya pili.

Chura hana magamba kama mjusi. Ngozi yake ni nyembamba, inapitisha maji na hewa, na jua kali linamkausha upesi. Kwa hiyo yule aliyezoea maji baridi ya juu hashuki bondeni kutembelea jamaa, anakaa kwenye mlima wake kama mtu aliyezaliwa kisiwani. Vizazi vikipita kwa maelfu, anakuwa tofauti na ndugu zake wa mlima mwingine. Njo vile milima ya Afrika, kuanzia kwetu mpaka Udzungwa ya Tanzania, imepata vyura ambao hawaonekani pengine.

Watu nao wako katika nchi hiyo tangu zamani. Mwaka 1957 na 1958 wachimbaji wa mambo ya kale walifukua makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, wakakuta vyungu vizuri sana na vitu vya shaba, kazi ya watu walioishi pale zaidi ya miaka elfu iliyopita. Walikuwa wavuvi. Mvuvi analala karibu na maji, na mwenye kulala karibu na maji wakati wa mvua hawezi kukosa kumsikia chura. Neno lenyewe ni la zamani pia. Mswahili wa pwani anasema chura, Mbemba anasema chula, Mnyanja wa Zambia anasema chule, na watoto wa mitaa yetu ya Kolwezi, hata wale wasiojua lugha ya babu yao, wanasema chula. Ni neno moja lililotembea na watu mpaka likatawanyika pamoja nao. Ninalisema hili mapema, juu katika vitabu vya shule mara nyingi inaonekana kama viumbe wa nchi yetu hawakuwa na jina mpaka mzungu afike na chupa.

Sasa tufike kwa mzungu na chupa zake.

Parki ya Upemba iliundwa tarehe 15 Mei 1939, na ile wakati ilikuwa na kilomita za mraba 17,730. Ilikuwa chini ya Taasisi ya Hifadhi za Taifa za Kongo ya Wabelgiji, ambayo mkubwa wake alikuwa Victor van Straelen. Sheria yake ilikuwa ya hifadhi kamili: kuwinda marufuku, kulima marufuku, kukata mti marufuku. Wenyeji waliojikuta ndani ya mipaka walipoteza mashamba na mapori ya baba zao, na mateto hayo hayajaisha hata leo, ingawa mwaka 1975 parki ilipunguzwa ikabaki kilomita za mraba 11,730. Mtu asifikiri kwamba historia ya chura ni historia safi isiyo na machozi. Wataalamu walipata mlima wa kuchunguza kwa utulivu kwa sababu wenye mlima walikuwa wamekatazwa kuutumia.

Mwaka 1946 alifika Gaston-François de Witte. Alizaliwa 1897, na kazi yake yote ilikuwa nyoka, mijusi na vyura. Mwaka 1921, akiwa kijana wa miaka 24 tu, alikuwa ameshaandika chura mmoja wa Katanga na kumpa jina la Lemaire, yule ofisa Mbelgiji aliyeongoza ujumbe wa sayansi katika Katanga kuanzia 1898 mpaka 1900. Upemba alifanya kazi kuanzia 1946 mpaka 1949, pamoja na wenzake wachache. Walikusanya kila kitu: wadudu, samaki, ndege, majani, na vyura kwa wingi mno. Kila kiumbe kiliingia katika pombe kali ndani ya chupa, na ndani ya kila chupa kikaratasi: mahali, urefu wa mlima kwa mita, tarehe.

Ninavipenda vikaratasi hivyo kuliko kitu kingine chochote katika habari hii. Ukifungua vitabu vilivyotoka katika ujumbe ule, maneno ni Kifaransa, Kiingereza na Kilatini, lakini mahali panaposemwa ni petu: Mabwe, Kaswabilenga, Kaziba, Kanonga, Ganza, Munoi, Lusinga, Mukana. Nani aliwatamkia majina hayo? Nani aliingia kwenye matope usiku na taa mkononi, siku baada ya siku kwa miaka mitatu? Wazungu wachache hawawezi kujaza maelfu ya chupa peke yao. Kazi kama hiyo katika koloni ilifanywa na wapagazi na vijana wa vijiji waliojua dembo gani lina maji na dembo gani limekauka. Juu ya ganda la kitabu hawapo. Kwenye kikaratasi lakini kuna alama yao, maana mtu wa Brussels asingeweza kubuni jina la Kaswabilenga.

Chupa zilikwenda Ubelgiji, na ziko mpaka leo katika taasisi ya sayansi za asili ya Brussels. Kazi ya kuzisoma iligawanywa. Vyura wadogo wa matete walipewa Raymond Laurent, Mbelgiji aliyefanya kazi miaka mingi katika Kongo na ambaye baadaye alihamia Argentina. Kitabu chake kilitoka 1957. Wengine wote walipewa Mwamerika, Karl Patterson Schmidt wa jumba la makumbusho la Field, mji wa Chicago, pamoja na kijana wake Robert Inger.

Schmidt hakukiona kitabu chake. Tarehe 25 Septemba 1957, kule Chicago, waliletewa nyoka mdogo kutoka bustani ya wanyama ili wamtambue. Alikuwa nyoka wa miti wa Afrika, wa aina ile iliyoko hata katika misitu yetu ya miombo. Alimwuma Schmidt kwenye kidole gumba. Ile wakati wengi walidhani sumu ya nyoka huyo, hasa mdogo namna ile, haiwezi kuua mtu mzima. Schmidt akaenda nyumbani, akaanza kuandika katika daftari lake mwenyewe namna mwili unavyosikia: homa, damu kwenye fizi, saa kwa saa. Kesho yake alikufa. Kitabu cha vyura wa Upemba kilitoka 1959 chenye majina mawili, moja la marehemu.

Siku moja nilipokuwa nikieleza haya, mwanafunzi mmoja alinyosha mkono: "Mwalimu, juu ya nini chula ya kwetu iko na jina ya muzungu?" Mwenzake akamjibu mbele yangu: "Juu njo alimuandika wa kwanza." Jibu lile lilikuwa sahihi kabisa, na ndiyo shida yenyewe.

Sheria ya majina ya wanyama ni hii: jina la Kilatini la kwanza lililochapishwa kwa utaratibu ndilo linalobaki. Halibadilishwi kwa sababu serkali imebadilika. Fikirini tuliyoyaona sisi. Mwaka 1966 Elisabethville ilikuwa Lubumbashi na Jadotville ikawa Likasi. Union Minière ilichukuliwa na mwishoni tukapata Gécamines. Mwaka 1971 nchi nzima ikaitwa Zaire, na watu wenyewe wakaambiwa waache majina ya ubatizo. Hata baraji iliyoitwa Delcommune ikarudia jina la magenge yake, Nzilo, na ile ya Le Marinel ikawa Nseke. Vyura peke yao hawakuguswa na Authenticité. Chura wa matete mwenye miiba midogo aliyepewa jina la de Witte mwaka 1941 anaitwa Afrixalus wittei mpaka leo. Chura-mavi mmoja wa Upemba, asiye na duara la sikio ubavuni mwa kichwa, aliandikwa mwaka 1972 na Alice Grandison wa London, akampa jina la marehemu Schmidt: Mertensophryne schmidti. Mwaka ule ule sisi tulikuwa tunafuta majina ya Kizungu kwenye vitambulisho.

Si wote hata hivyo. Laurent, katika kitabu cha 1957, mmoja wa vyura wa matete alimwita Hyperolius kibarae. Schmidt na Inger, mwaka 1959, walimwita mwingine kwa jina ambalo leo linaandikwa Ptychadena upembae. Wale waliosoma Kilatini kidogo kwa mapadre wataona mwisho wa neno, -ae: maana yake ni "wa". Chura wa Kibara, chura wa Upemba. Huyu wa pili ni yule mwenye pua ya kuchongoka, miguu mirefu na mistari iliyoinuka mgongoni, anayeruka mbali mpaka mtoto akate tamaa ya kumfukuza. Baadaye alionekana hata Zambia, lakini jina la Upemba amekwenda nalo kule. Kwangu mimi hawa wawili ni kama watu waliopelekwa ng'ambo na jina la kijiji chao kwenye shati.

Sasa nitaje jambo ambalo lilinifanya niandike. Nilituma wanafunzi wa mwaka wa tano waulize wazee, hasa wale wa upande wa Lubudi, Bukama na Mitwaba ambao wanakaa katika komini za Manika na Dilala, kama wanajua aina za vyura. Nilitegemea kupata majina na rangi: wa kijani, mwenye mistari, mwenye madoa. Walirudi na kitu kingine. Wazee wengi hawakutaja rangi. Waliiga sauti. Nkambo mmoja alipiga ulimi kama mawe madogo yanayogongana ndani ya kibuyu: huyo ni wa matete. Mwingine alifanya kama tone kubwa linaloanguka ndani ya mtungi. Mwingine alikwaruza kooni kama mlango mkavu. Walipoulizwa rangi, nkambo yule aliwajibu: "Chula unamujulia ku sauti, hapana ku rangi."

Na sayansi, kumbe, ilifika hapo hapo kwa njia ndefu. Vyura wa matete ni taabu kwa wataalamu, maana rangi yao haiaminiki. Mmoja mchana ni mweupe kama chokaa, usiku ni kahawia; dume ni hivi, jike ni vile; wa ziwa hili ana madoa, wa ziwa lile ana mistari, na wote ni aina moja. Wengine wanafanana kama mapacha na ni aina mbili. Ndipo Mdenmark Arne Schiøtz, katika vitabu vyake vya 1967 juu ya Afrika ya magharibi na 1975 juu ya Afrika ya mashariki, akaweka mbele ushahidi wa sauti iliyorekodiwa. Dume anaimba ili jike wa aina yake amsikie. Jike hakosei. Anayetaka kujua aina asikilize kama jike anavyosikiliza.

Lakini chura aliyeko katika pombe tangu 1947 haimbi. Chupa za Brussels zina miili, zina majina ya mahali, zina meta na tarehe, sauti hazimo. Tukisema wazungu walichukua kila kitu tunakosea. Walichukua kile kinachoingia katika chupa. Sauti zilibaki mlimani na katika masikio ya waliolala karibu na maji, na masikio hayo yanazeeka.

Tena mengi yalihamishwa kwa nguvu. Tangu vita, upande wa Mitwaba umeteseka sana na Mai-Mai. Mwaka 2004 walishambulia Lusinga penyewe, makao ya parki. Gédéon Kyungu Mutanga alijisalimisha Mei 2006 kule Mitwaba, lakini mwaka 2011 alitoroka gereza la Kasapa, Lubumbashi, na mambo yakaanza upya. Desemba 2012 aliuawa Atamato Madrandele, mkubwa wa parki. Baada yake Rodrigue Katembo aliongoza parki hiyo, na mwaka 2017 alipewa tuzo ya Goldman kwa kazi yake ya kulinda mazingira. Mimi nikisikia habari za walinzi hao ninaona aibu kuita somo la vyura mchezo. Na kila mara vijiji vilipokimbia, wazee walikuja mijini. Mzee wa Kibara anayekaa leo kando ya barabara ya malori ya madini, Kolwezi, anasikia honi usiku kucha. Wajukuu wake hawajui sauti ya dembo.

Kuna na jambo la maji, ambalo halitungoji. Chura ananywa kwa ngozi. Mayai yake hayana ganda gumu. Watoto wake wenye mikia wanapumua ndani ya maji yale yale wanamokula. Shaba ikizidi katika maji, hata kwa kiasi ambacho mtu haoni wala haonji, watoto hao ndio wanakufa wa kwanza. Sisi wa Kolwezi tunajua Kingamyambo, tunajua bonde la Musonoi, tope lililobaki nyuma ya viwanda tangu wakati wa Wabelgiji. Mito yetu inaingia Lualaba, na Lualaba inashuka kwenda Upemba. Milima ya Kibara iko juu, maji yake yanaanzia huko huko, hilo ni bahati yao. Bonde halina bahati hiyo.

De Witte alimaliza kuhesabu vyura mwaka 1949. Miaka michache tu nyuma, mwanzoni mwa miaka ya 1950, Lualaba ilifungwa pale Nzilo kusudi viwanda vya shaba vipate umeme. Magenge yenye rasharasha na majani mabichi ni nyumba ya vyura pia, na hakukuwa na sheria ya kumlazimisha mjenzi atazame kwanza ni nani anaishi pale. Namna inavyoweza kuwa, tuangalie Tanzania. Katika maporomoko ya Kihansi, milima ya Udzungwa, mwaka 1996 wataalamu walikuta chura mdogo wa manjano anayezaa watoto wazima bila kutaga, akiishi mahali padogo sana penye rasharasha ya maporomoko. Baraji ilikuwa tayari inajengwa. Mwaka 2000 maji yaligeuzwa kwenda kwenye mitambo, rasharasha ikaisha. Mwaka huo huo vyura karibu 500 walipelekwa Marekani kwa ndege, wakafugwa. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba porini amekwisha. Mwaka 2012 vizazi vya wale 500 walirudishwa Kihansi, chini ya mabomba yanayonyunyiza maji mahali pa maporomoko. Chura yule aliokolewa kwa sababu moja: mtu alimwandika miaka minne kabla maji hayajakatwa. Ambaye hakuandikwa hapati ndege.

Basi tumeanza kuandika, kwa vyombo tulivyo navyo. Wanafunzi wanarekodi kwa simu sauti wanazoziiga wazee, na katika daftari wanaweka mambo matatu kama vile vikaratasi vya Upemba: mahali alipoisikia, mwezi gani, na kama ni dembo, mto ao ziwa. Jina la kienyeji linaandikwa jinsi mzee anavyolitamka, hata kama mwalimu wa lugha hataridhika. Kwa sasa hatuwezi kusema sauti ipi ni ya Hyperolius kibarae. Atakayepanda Lusinga na chombo kizuri cha kurekodi ataweza kulinganisha. Nkambo yule wa kupiga ulimi alitoka upande wa Mitwaba mwaka 2005, miguu mpaka Likasi, na wanafunzi wamerudi kwake mara tatu. Yeye anashika neno moja: yule mdogo wa matete ya mlimani hafunguki kinywa kwa mvua ya kwanza. Anangoja ya pili.